Malabar peke yako: wanayosema watu na yaliyopo

Ukitaja India kwenye familia nyingi za Afrika Mashariki, swali la kwanza ni "Nani anaumwa?" Nchi ile tumeijua kwa rufaa za hospitali, kwa filamu na kwa duka la mtaani. Ndiyo maana mtu akisema anakwenda kutembea tu, tena peke yake, tena si kwenye Taj Mahal bali pwani ya Malabar, kila mtu anageuka mshauri. Ushauri mwingi unatoka kwa watu ambao hawajawahi kuvuka kisiwa cha Chumbe pale Zanzibar.

Malabar ninayoisema hapa ni ukanda wa kusini magharibi, jimbo la Kerala: Kannur upande wa kaskazini, kisha Kozhikode (ile Calicut ya vitabu vya shule), Kodungallur, Kochi, na kuteremka hadi Kollam. Wenyeji wa leo wakisema Malabar mara nyingi wanamaanisha wilaya za kaskazini tu, lakini mabaharia wa zamani waliita hivyo pwani nzima. Pwani yote ya Kerala ni karibu kilomita 600, na reli inaisindikiza sehemu kubwa ya njia. Kwa msafiri asiye na mwenzake wa kuchangia teksi, reli hiyo ni neema.

"Vasco da Gama ndiye aliyefungua njia"

Hii tumefundishwa darasani na bado tunaisema. Mtu anafika Kappad, kaskazini kidogo ya Kozhikode, anakuta nguzo inayosema Mreno alitua hapo mwaka 1498, anapiga picha na kuondoka akiamini amesimama mahali historia ilipoanzia.

Kwanza, alifika akiwa ameshikwa mkono. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, na kwa upepo wa kusi akaiona nchi kavu baada ya wiki tatu na ushei. Hadithi kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia wa Oman, ni tamu na bado inasimuliwa pande zote mbili za bahari, ila wanahistoria wengi wameiweka kando. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja Mwislamu wa Gujarat. Kwa maneno mengine, alikuwa mtu wa kawaida wa kazi ile, na watu wa namna hiyo walikuwepo bandarini.

Pili, mtu wa kwanza kutumwa ufukweni, mfungwa aliyeletwa kwa kazi za hatari, alipelekwa kwa Waislamu wawili wa Tunis waliojua lugha za Wazungu. Wakamuuliza, kwa lugha isiyo na adabu hata kidogo, shetani gani kamleta. Huo ndio "ugunduzi" wenyewe. Hata hapo Kappad pana mjadala, kwa sababu kumbukumbu za safari ile zinasema meli zilihamishiwa Pantalayini, jirani ya hapo, na da Gama mwenyewe akashukia huko.

Kisha ikaja aibu ya zawadi. Da Gama alimwandalia Zamorin, mfalme wa Kozhikode, vitambaa, kofia, shanga za marijani, mabeseni sita ya kunawia, sukari, mafuta na asali. Maofisa wa mfalme walicheka. Walisema hata mfanyabiashara maskini kabisa atokaye Makka hutoa zaidi ya hapo. Mji ule ulishazoea meli za Wachina na Waarabu, na Ibn Battuta aliukuta umejaa wageni katika karne ya 14. Nyuma zaidi, kwenye kijiji cha Pattanam karibu na Kodungallur, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigae vya mitungi ya Kirumi ya divai na mafuta. Warumi walifuata pilipili manga, ambayo asili yake ni milima ya nyuma ya pwani hii hii.

Ukitaka kuona upande wa pili wa hadithi, usiishie kwenye nguzo. Panda basi hadi Iringal, kwenye jumba dogo la makumbusho la Kunjali Marakkar, majemadari Waislamu waliopigana na Wareno baharini kwa niaba ya Zamorin. Wa nne wao aliuawa Goa mwaka 1600. Da Gama naye alirudi mwaka 1502 na kuichoma meli ya mahujaji ikiwa na mamia ya watu ndani. Alifia Kochi mwaka 1524, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Francis pale Fort Kochi, na mabaki yake yakarudishwa Ureno mwaka 1539. Jiwe la kaburi tupu bado lipo sakafuni, limezungushiwa uzio mdogo.

"Uislamu wa India uliletwa na Wamoghul kwa upanga"

Wamoghul ni nasaba ya wafalme Waislamu wa kaskazini ya India, na hapa hapana Moghul aliyetawala. Uislamu wa Malabar ulikuja na wafanyabiashara, ukaoa, ukakaa. Msikiti wa Cheraman huko Kodungallur unasemekana ulijengwa mwaka 629. Hiyo ni mapokeo, wanahistoria hawaikubali tarehe hiyo, na jengo la sasa ni la baadaye sana. Lakini kwamba Waislamu wapo pwani hii tangu karne za mwanzo za dini hakuna anayebisha.

Atakayetafuta kuba na minara mirefu atatembea bure. Nenda Kuttichira, Kozhikode, ukautazame msikiti wa Mishkal, uliojengwa karne ya 14 na nahodha tajiri wa Kiyemeni. Ni wa mbao, mapaa yamepandana moja juu ya jingine, na mbele yake pana bwawa kubwa la maji ambapo wazee hubarizi jioni. Wareno waliuchoma mwaka 1510 na ukatengenezwa upya. Asiye Mwislamu autazame kwa nje. Wanawake pia, misikiti mingi ya Malabar haina sehemu yao, jambo linalowashangaza dada zetu waliozoea kusali msikitini safarini.

Na kabla hujatoa hukumu kuhusu wanawake wa huko, kumbuka kwamba Kannur palikuwa na nyumba ya kifalme ya Kiislamu, Arakkal, ambayo kiti chake kilikwenda kwa mkubwa wa ukoo, awe mume au mke. Malkia wake waliitwa Arakkal Beevi na kasri lao sasa ni makumbusho.

"Kule ni mboga tu, utakufa njaa"

Anayesema hivi amekula Gujarat. Kerala haikukataza kuchinja ng'ombe kama majimbo mengi ya India yalivyofanya, na nyama ya ng'ombe iliyokaangwa kavu na vipande vya nazi, ikiliwa na porota, ni chakula cha kila mtu. Waislamu ni zaidi ya robo ya watu wa jimbo na Wakristo karibu asilimia 18, kwa hesabu ya mwaka 2011. Kuhusu halali, kaskazini huhitaji hata kuuliza. Kochi na kusini, uliza.

Mtu wa pwani yetu atakaa kwenye meza ya Kozhikode asitake kuondoka. Biriani yao hutumia mchele mdogo mdogo wenye harufu, si ule mrefu wa basmati, na huletwa na achari ya tende na chatne ya nazi. Baada yake unapewa chai ya rangi yenye ndimu na iliki inayoitwa sulaimani. Mtaa wa S.M. (Sweet Meat) una maduka ya halua yaliyopangana: nyekundu, kijani, nyeusi ya sukari guru na mafuta ya nazi, zimekatwa vipande vikubwa kama matofali. Muuzaji anakukatia kipande cha kuonja kabla hujafungua mdomo. Atakupa cha pili. Ukifika cha tatu bila kununua, macho yake yatakuambia.

Na muhogo. Muhogo wa kuchemsha uliopondwa na mchuzi mwekundu wa samaki wenye uchachu, ndiyo chakula cha vilabu vya tembo la mnazi kule vijijini. Vilabu hivyo huuza chakula kizuri kuliko hoteli nyingi, ila mwanamke aliye peke yake atafute vile vyenye vyumba vya familia, maana vingine ni vya wanaume watupu.

"Ukijua Kihindi umemaliza"

Lugha ya Kerala ni Kimalayalam. Kihindi cha filamu kitakusaidia kwa vibarua waliotoka majimbo ya kaskazini. Kwa wenyeji, Kiingereza kinafika mbali zaidi. Tatizo hasa ni mabasi, kwani vibao vingi vimeandikwa kwa hati yao ya mviringo. Simama kituoni, taja jina la mji kwa sauti, na watu watatu watakunyooshea kidole basi moja. Mara chache wananyoosha mabasi matatu.

"Theyyam ni ngoma za watalii"

Kinachowachanganya watu ni Kochi. Huko kila jioni kuna ukumbi unaouza tiketi za Kathakali, mchezo wa kuigiza wa jadi, iliyofupishwa, na si mbaya kwa anayetaka kuona jinsi uso unavyopakwa rangi. Theyyam ya Kannur na Kasaragod ni ibada. Msimu wake huanza mwishoni mwa Oktoba na kufikia kikomo karibu Mei, mvua inapokaribia. Hufanyika kwenye vijisitu vitakatifu na nyua za koo, mara nyingi usiku wa manane hadi alfajiri. Hakuna tiketi. Mchezaji, ambaye kwa kawaida hutoka katika jamii zilizodharauliwa kwenye ngazi za matabaka, akishavikwa taji na kujitazama kwenye kioo anahesabiwa kuwa mungu mwenyewe, na watu wa matabaka ya juu wanamwinamia wakiomba baraka. Sijui ni wapi pengine utakapoona jambo hilo kwa macho yako bila kulipa senti.

Vua viatu, kaa pembeni, usirushe mwanga wa kamera, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Mwenye nyumba ya kulala wageni ndiye atakayekuambia leo iko wapi. Tangazo la mtandaoni mara nyingi limepitwa na wakati.

Ukifika nje ya msimu, au ukiogopa usiku, nenda Parassinikadavu, kando ya mto Valapattanam, nje kidogo ya Kannur. Hekalu la Muthappan lina theyyam karibu kila siku ya mwaka na linamkaribisha mtu wa dini yoyote. Mbwa wanazagaa ndani bila kufukuzwa kwa sababu ni wapenzi wa mungu huyo, ambaye sadaka zake ni samaki na tembo la mnazi. Ukitoka unapewa kunde za kuchemsha na kipande cha nazi, pamoja na chai. Usichukulie kwamba mahekalu yote yako hivyo. Guruvayur, mojawapo ya makubwa zaidi Kerala, haliruhusu asiye Mhindu kuingia, na hakuna kubembeleza. Sinagogi la Paradesi la Mattancherry, mtaa wa kale wa Kochi, lililojengwa mwaka 1568, lina utaratibu wake pia: Jumamosi na sikukuu za Kiyahudi limefungwa, na Ijumaa usilitegemee.

"Mwafrika peke yake, hasa mwanamke, asithubutu"

Hapa sitaki kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. India ina ubaguzi wa rangi, na matukio yenyewe yako kwenye kumbukumbu. Mwaka 2016 mwanafunzi wa Kitanzania alishambuliwa na umati Bengaluru, na mwaka 2017 wanafunzi wa Kinaijeria walipigwa Greater Noida karibu na Delhi. Anayesema hayo ni maneno ya watu anadanganya.

Lakini Bengaluru si Kannur na Delhi si Kochi. Mengi utakayokutana nayo kwenye miji ya pwani ni kukodolewa macho, kuombwa picha, na maswali: umeolewa, baba anafanya kazi gani, mbona uko peke yako. Hilo la mwisho linaulizwa kwa huruma, kwa sababu kusafiri bila ndugu kunaonekana kama msiba. Jibu fupi linatosha. Waliokaa Muscat au Dubai watakutambua mapema. Nyumba nyingi Malabar zina mtu aliyefanya kazi Ghuba, na ukisema unatoka Zanzibar au Mombasa utasikia jina la jirani yao wa zamani.

Kwa wanawake, mipangilio ipo. Mabasi yana viti vya wanawake, kwa kawaida mbele, na treni nyingi zina behewa lao. Namba ya dharura ni 112, na ya reli ni 139. Tabu ni jioni. Miji midogo inalala mapema, kufikia saa tatu usiku mitaa imebaki na wanaume, kwa hiyo panga treni yako ifike mchana.

Kuna hili pia: unafika kwenye gesti ya bei nafuu, mpokeaji anatazama pasipoti na kusema vyumba vimejaa, huku funguo zimening'inia nyuma yake. Huenda ni ubaguzi. Huenda pia ni karatasi, maana kila anayemlaza mgeni wa nje anatakiwa kumwandikisha serikalini kwa Fomu C ndani ya saa 24, na gesti ndogo nyingi hazina huo usajili. Andika au piga simu kabla, uliza kama wanapokea wageni wa nje, na usibaki kulumbana mapokezi na mzigo mgongoni.

Hata dhana kwamba utakuwa Mwafrika wa kwanza kuonekana huko inabomoka ukifika Mattancherry. Wareno walileta watumwa Waafrika Kochi, na wenyeji wanasimulia kwamba Waholanzi walipouteka mji mwaka 1663, Wareno waliwazika watumwa hao hai pamoja na hazina zao ili mizimu iilinde. Mzimu huo unaitwa Kappiri Muthappan. Una kibanda chake ukutani, na watu wa dini mbalimbali huenda kuwasha mishumaa, kuacha sigara na tembo, na kuomba wapate kitu kilichopotea. Mimi nakiona kibanda kile kizito kuliko ngome zote za pwani ile, na vijitabu vingi vya watalii vinakiruka.

"Kerala ni boti la kulala"

Boti hizo za Alappuzha, mji wa mifereji kusini ya Kochi, zimepangwa kwa fungate na familia. Mtu mmoja analipia boti zima na kula peke yake mbele ya mpishi na nahodha wanaomtazama. Chukua feri ya serikali kutoka Alappuzha kwenda Kottayam: saa mbili na nusu hivi, nauli ya rupia chache, na unakaa na wanafunzi, wauza samaki na akina mama wenye vikapu kwenye mifereji ile ile. Kochi nayo tangu Aprili 2023 ina vyombo vya umeme vya usafiri wa majini, na mtu hufika navyo Fort Kochi bila kukutana na foleni. Zile nyavu kubwa za Kichina zinazoning'inia ufukweni hapo ni kazi halisi, ingawa samaki wanaotoka ni wachache. Wavuvi watakuita ushike kamba zenye mawe ya kuvutia uzito. Ukishika, ujue umeshanunua picha.

"Mvua ikianza hakuna safari"

Kusi ile ile inayotupulizia sisi kavu huku ikivuka bahari ndiyo inayoitupia Kerala maji kuanzia kama tarehe 1 Juni. Manahodha wa zamani waliondoka kwetu mwanzoni mwa kusi au walingoja ilegee, kwa sababu katikati yake bandari za Malabar hazikaribiliki. Da Gama, aliyerudi bila kungoja kaskazi ishike, alitumia karibu miezi mitatu baharini na kuzika watu 30.

Msafiri wa nchi kavu hana hofu hiyo, ila ajue anachokosa. Juni na Julai theyyam hakuna, ila ile ya Parassinikadavu, maboti ya mashine yanazuiwa kuvua mpaka mwisho wa Julai kwa hiyo samaki hupanda bei, na kuogelea ni kujitafutia kifo. Mvua inaweza pia kuzidi, kama Agosti 2018, mafuriko yalipoua zaidi ya watu 400. Kwa upande mwingine vyumba huwa rahisi na wenyeji wana muda wa kukaa nawe barazani. Kwa safari ya kwanza, Desemba hadi Februari. Na wakati wowote, uliza kama kesho kuna hartal: ni mgomo wa kisiasa unaoweza kufunga maduka na mabasi jimbo zima kwa siku moja, na hakuna anayemhurumia mtalii.

"Viza ni ile ile ya hospitali"

Siyo. Ya matibabu na ya utalii ni mbili tofauti, na ya utalii Mkenya au Mtanzania huiomba mtandaoni kupitia tovuti ya serikali ya India. Tovuti bandia zinazofanana nayo ni nyingi, kwa hiyo tazama anwani kabla ya kuweka kadi. Ndege za kwenda Kochi na Kozhikode kupitia Ghuba ni nyingi kwa sababu ya wafanyakazi wa Kerala walioko huko. Huna haja ya kuzunguka Mumbai. Beba fedha taslimu za akiba, maana hata muuza ndizi analipwa kwa simu kwa mfumo wa benki za India ambao simu yako haitaingia kirahisi. Na usisahau kadi ya homa ya manjano. Ukitoka Kenya au Uganda bila hiyo unaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na chanjo yenyewe haihesabiwi mpaka zipite siku kumi tangu uchomwe.